Donge Lililohama Kifuani

Watu wengi huzikwa bila kujua kifua chao kwa ndani kinafananaje. Mimi changu nimekiona, tena si mara moja, kikiwa kimebanwa kwenye kioo cha dirisha na vidole vya daktari, mwanga wa mchana ukipita katikati ya mbavu zangu. Nilikitazama kuliko mgonjwa anavyotazamiwa kutazama, na manesi walinicheka kwa hilo. Mama mkwe wangu, Bi Zena, yeye aligeuza uso ukutani. Kwake ndani ya mtu ni pa Mungu peke yake, si pa kuchungulia.

Naandika haya kwa ajili ya yule aliyeambiwa ana kivuli kwenye pafu, na nduguze wameanza kunong'ona uani wakidhani hasikii. Sina udaktari wowote. Najua tu yaliyonipata mimi, Somoe, mke wa Athumani, mkulima wa mpunga katika bonde la Rufiji, ng'ambo ya kivuko, enzi za Mwingereza. Ukiona ninachimba sana habari za makohozi, nivumilie. Ndivyo nilivyoumbwa, na nadhani udadisi huo ndio uliofanya leo niwe na mkono wa kuandikia.

Nilianza na matezi. Ilikuwa kaskazi, wakati wa palizi. Nilikuwa nikifuta jasho shingoni kwa upindo wa kanga nikakuta kitu kama kokwa ya ukwaju chini ya taya. Hakikuuma. Nilikibonyeza, kikateleza pembeni, nikakibonyeza tena. Nikawa kila nikipumzika palizi nakitafuta kwa kidole, mpaka mawifi zangu wakaniuliza kama nimeanza kuhesabu uradi shingoni. Baadaye vikawa vingi, upande huu na ule, na nikawa natoka jasho la kulowesha mkeka. Dresa wa zahanati ya Kibiti alinipa dawa ya kupaka. Nilipaka ikaisha. Matezi yakabaki.

Nilipelekwa Dar es Salaam, na huko walinikata tezi moja wakaenda kuitazama kwa darubini. Daktari aliyenishughulikia alikuwa Mgoa, mwembamba, mwenye Kiswahili cha haraka kisichojali ngeli. Aliniambia ni kansa ya matezi, kwamba si ugonjwa mzuri, lakini ipo dawa ya kuchoma mshipani inayoweza kuurudisha nyuma. Nilimuuliza unarudi nyuma mpaka wapi. Akasema hilo hata yeye hajui.

Dawa ile sitaisahau. Ilipoingia mshipani niliisikia mdomoni kabla sijaisikia mkononi. Nilitapika mpaka nikatapika uchungu mtupu, nywele zikabaki kwenye kitana, viganja vikawa vyeusi kwenye mistari. Lakini matezi yaliyeyuka. Nilikuwa nikiamka nayatafuta kwa vidole, na kila asubuhi nakuta yamepungua, mpaka ikafika siku nikatafuta nisipate hata moja. Masika yote yalipita mimi nikiwa kwenye kitanda kile. Nilirudi nyumbani wakati wa mavuno, nimekonda lakini nimefurahi, na daktari ameniagiza nirudi baadaye kwa sindano za pili.

Mwaka ule maji yalikawia kutoka bondeni. Mpunga ulivunwa miguu imo majini, ukapandishwa dunguni haujakauka. Kwa asiyejua, dungu ni kibanda chetu cha shambani, kimejengwa juu ya nguzo ndefu ili maji yakija yapite chini, na ukiwa juu uwaone ndege na nguruwe wanapokuja kula. Wakati wa mavuno ndiyo nyumba na ndiyo ghala.

Bi Zena alikuwa na amri zake. Mkwe aliyetoka hospitali halimi, hatwangi, hachoti maji. Lakini hakai bure pia, maana akikaa bure atauwaza ugonjwa wake. Basi alinitafutia kazi ya kukaa. Kulikuwa na mpunga ulioloa ukapata joto ndani ya marundo ukaota kuvu, ya kijani na ya kijivu. Nilipewa ungo niupukuse, niupepete, niuchambue, ule unaofaa ukaanikwe. Na kwa kuwa sindano, kwa maneno yake, zilikuwa zimenifungua mwili, alihofia nisije nikaingiwa na upepo. Akachukua majamvi akayatundika pande zote za dungu, akaziba hata mlango.

"Hapo hata mbu hana njia," alisema, akisimama kuitazama kazi yake. "Kaa, mwanangu, upepete taratibu."

Majirani walimsifu. Wapo wakwe wanaowarudisha wake za watoto wao kwao kwa ugonjwa mdogo kuliko huo, naye alikuwa amenijengea chumba. Mimi nilikaa humo na ungo wangu nikiwa na raha. Jua lilikuwa linapenya kwenye tundu la jamvi, na kila nilipourusha mpunga vumbi la kijani lilipanda na kuelea ndani ya mwali ule likizunguka polepole. Lilikuwa zuri kutazama. Nakumbuka nilikuwa nikipepeta mara nyingine bila haja, ili tu nilione likipanda.

Nikaenda kwa sindano za pili, nikarudi dhaifu zaidi, nikakaa tena kwenye ungo uleule. Vuli ilipoanza nikaanza kukohoa.

Kwanza kilikuwa kikohozi cha kawaida. Halafu ikaja homa, kisha kichomi chini ya bega la kulia, kama mtu ananibana kwa koleo kila nikivuta pumzi. Halafu damu. Siku ya kwanza ilikuwa uzi mwekundu tu kwenye makohozi, nikaugeuza kwa kijiti niuone vizuri. Siku nyingine ilijaa kiganja. Sahani yangu ikatengwa na kikombe changu kikatengwa, na Athumani akahamishia mkeka wake barazani. Sikumlaumu. Kifua kikuu kilikuwa kimemaliza nyumba nzima za watu tuliowajua.

Lakini Athumani hakuamini kifua kikuu. Mume wangu ni mtu mwema mwenye hasira za karibu, na jambo likimtisha hutaka kupata mtu wa kugombana naye. "Nani?" ndilo lilikuwa neno lake kutwa. Nani tuliyemnyima mbegu, nani aliyekuja mavunoni akaondoka hajaaga. Akaleta mganga wa kuumika. Yule mzee alinichanja mgongoni akabandika pembe zake akafyonza, na alipobandua moja ndani palikuwa na bonge la damu nyeusi. Alisema ndicho alichonitupia mbaya wangu. Nikamwomba anipe nikitazame. Alikasirika, akasema kitu kile hakitazamwi na mwenyewe, akakifukia. Mimi nikabaki na kikohozi changu na maswali yangu.

Aliyeamua ni Bi Zena. Alimfuata mwanawe barazani kaskazi ilipokaribia kwisha, nami nilikuwa ndani nasikia kila neno.

"Nnampeleka kulekule walikomchoma sindano," alisema. "Wao ndio wanaojua walichomtia."

"Mama, weye mtu mzima, utaweza mji ule?"

"Nitaulizia njia. Weye linda mpunga."

Tulipofika Dar es Salaam, kwenye benchi la kusubiri picha ya kifua, wagonjwa walikuwa wakitazamana vifuani kana kwamba wataona kwa macho. Hakuna anayemuuliza mwenzake anaumwa nini. Wanauliza ametoka wapi, na kwa jibu la hapo wanajua amekaa njiani muda gani na kwa hiyo ugonjwa wake mkubwa kiasi gani. Nikisema tumetoka ng'ambo ya Rufiji, watu walikuwa wananipisha kwenye kivuli.

Chumba cha picha kilikuwa na giza na harufu ya dawa kali. Mpiga picha alikuwa mtu wa makamo, mpole. Kabla ya kuniegemeza kifua wazi kwenye lile bamba la chuma alilisugua kwa kitambaa ili lipate joto. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Katika ugonjwa mambo kama hayo unayakumbuka kuliko majina ya dawa.

Daktari alipoibandika picha dirishani nilifurahi. Niliona pafu moja jeusi tititi, na lile jingine, juu kulia, lina kitu cheupe cha mviringo, kizuri, kama yai. Nikasema moyoni kwamba pale peupe ndipo palipopona. Nikamuuliza. Akatikisa kichwa.

"Picha hii kinyume, bibi. Nyeusi ni hewa. Nyeusi ndiyo nzuri."

Basi nikalitazama tena lile yai, na sikulipenda.

Siku iliyofuata shemeji yangu Hamisi, mdogo wake Athumani, alikuja na lori la mpunga. Daktari akamwita yeye na Bi Zena pembeni. Nikainuka nikawafuata, nimeshika ukuta.

"Niambie na mimi," nilisema. "Kifua ni changu."

Daktari alinitazama kidogo, kisha akasema. Ile kansa ya matezi, kwa anavyoona, imeingia kwenye pafu. Sindano hawezi kunichoma tena kwa kuwa damu yangu imeishiwa nguvu. Kama watu wangu wanataka kunirudisha nyumbani, hatawazuia.

Sitasema kwamba nilikuwa jasiri. Nilikaa sakafuni, na Bi Zena akakaa nami, akanifunika kwa kanga yake kama vile tuko uwanjani kwa watu. Nililia kwa ajili yangu, na kwa kuwa sikuwa nimezaa.

Hamisi aliniacha nilie, kisha akasema kile alichotumwa. Mawingu yalikuwa yamekwisha kuanza kukusanyika. Masika yakishika, udongo wa njia ya Kibiti unameza magurudumu, na mto ukijaa pantoni haivushi. Lori lake lingekuwa la mwisho au la kabla ya mwisho.

"Kaka kasema uje kabla njia haijafunga," alisema, haniangalii. "Shemeji, ukifia huku atakuosha nani? Watakuzika watu wasiokujua hata jina la baba."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko habari ya daktari. Nikakubali twende.

Asubuhi ya safari, niko benchini na bunda langu, nikashikwa na kikohozi kikatoka damu nyingi, ikalowesha kanga mpaka magotini. Manesi wakanibeba. Daktari akaja, akataka picha nyingine aone kama pafu limepasuka. Sikuweza kusimama. Mpiga picha akanilaza kwa ubavu wa kushoto mezani, akaweka bamba nyuma yangu, akapiga nikiwa nimelala vile.

Picha ilikuja bado inachuruzika maji. Daktari akaishika dirishani. Akaigeuza, akaigeuza tena. Akamuuliza mpiga picha kwa ukali kama ameibandika alama upande usio wake. Yule bwana akasema la. Basi nikalazwa kwa ubavu wa kulia, ikapigwa nyingine, na daktari akaziweka zote tatu dirishani kwa pamoja.

"Nioneshe," nilisema.

Wakaninyanyua. Lile yai lilikuwa sasa limo ndani ya tundu. Ukingoni mwake palikuwa na ukanda mwembamba mweusi wa hewa, umepinda kama mwezi mwandamo. Katika picha ya kwanza, ya siku nimesimama, sasa nilipoonyeshwa niliona hata pale kulikuwa na uzi wa huo mwezi upande wa juu, mwembamba kiasi cha kuponyoka macho. Katika picha ya ubavu wa kushoto donge lilikuwa limeanguka kushoto. Katika ya ubavu wa kulia limeanguka kulia. Mwezi ulikuwa ukihama nalo, kila mara upande wa juu.

"Kansa hapana tembea," daktari alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Kansa nashika nyama. Hii iko huru ndani ya shimo lake."

Nikamuuliza ni nini basi. Akasema hajapata kuiona, ameisoma tu, na aliyosoma yalihusu watu wenye makovu ya zamani ya kifua kikuu, si mtu wa kansa. Yawezekana ni kuvu iliyoota ndani ya pafu. Na lile tundu? Akasema tundu laweza kuwa pafu linaliwa, na siku moja mshipa ukakatika nikafa kwa damu. Au laweza kuwa mwili wangu umeanza kupata nguvu unakitenga kile kilichooza, na kwa hiyo kuonekana kubaya kumbe ndiko kupona. Picha ya leo haisemi ni lipi. Picha ijayo ndiyo itasema. Akaniomba nibaki mpaka masika yaishe.

Nikaona jambo la ajabu moyoni mwangu. Nilikuwa na kifo mkononi kama jana yake, lakini sasa nilikuwa na hamu. Nilitaka kuiona picha ijayo.

Hamisi hakuwa na hamu hiyo. "Si mmesikia kwa masikio yenu?" alisema tulipobaki sisi watu watatu. "Kinatembea. Kitu kinatembea kifuani mwa mtu, halafu mnasema hospitali? Huko ni kutupiwa kulikokamilika. Twendeni nyumbani akatolewe."

"Nataka kubaki," nilisema.

"Na njia ikifunga?"

Nilimtazama Bi Zena. Alikuwa ameketi amekunja mikono, mtu ambaye hakupata kulala nje ya nyumba yake isipokuwa msibani, na mpunga wake alikuwa amewaachia watu.

"Weye nenda, Hamisi," alisema. "Mwambie kaka yako siye tumebaki."

"Mama, na akifa?"

"Nitamwosha miye."

Hamisi akaondoka na lori. Mvua zikaanza wiki hiyohiyo.

Masika yale niliyaona kupitia mlango wa baraza ya wodi. Dawa yangu ilikuwa matone ya ayodini ndani ya maziwa, asubuhi na jioni. Ukiambiwa uyanywe, jua kwamba mdomo utakuwa na ladha ya chuma, macho na pua vitachuruzika, na uso utaota vipele kama wa msichana. Vumilia. Na usione haya kukitazama kikombe chako cha makohozi. Mimi nilikijua changu vizuri kuliko nesi, na siku rangi ilipogeuka kutoka nyekundu kuwa ya udongo nilimwambia, akaenda kumwita daktari.

Waliyachukua makohozi wakayaotesha kwenye sahani ya kioo. Daktari akaja kunionyesha, kwa kuwa alikwisha kunijua. Ndani ya sahani palikuwa na zulia dogo la kijani lenye kingo za kijivu. Nilipoliona nilisahau kujibu salamu yake. Rangi ile niliijua.

"Kule nyumbani unafanya kazi gani?" aliniuliza.

Kabla sijafungua mdomo Bi Zena akajibu, kwa fahari, kwamba mimi sifanyishwi kazi. Akamweleza yote. Ule mpunga ulioota kuvu, ungo, kazi ya kukaa, majamvi aliyoyatundika kwa mikono yake mpaka mlangoni ili upepo usinipate. Alikuwa anaeleza na kuonyesha kwa mikono jinsi alivyoziba. Halafu macho yake yakaangukia sahani iliyokuwa mkononi mwa daktari, na mikono ikabaki hewani.

Daktari hakuwa mtu mkatili. Alisema kuvu imo kila mahali, hata wodini humu, na mtu mzima huivuta na kuitoa bila kujua. Mimi haikutoka kwa sababu sindano ziliupokonya mwili wangu askari wake. Kama kuna lawama, alisema, basi anayo na yeye. Kumbe Bi Zena alisema kweli katika jambo moja, sindano zilikuwa zimenifungua mwili. Alikosea tu kuhusu kile kilichokuwa kinangoja kuingia.

Lakini yeye hakusikia habari za askari. Aliacha kula. Alinipikia uji kama kawaida nyuma ya wodi, akaniletea, akakaa akinipa mgongo. Nikamwacha siku hiyo. Kesho yake nilimvuta kanga.

"Mama, nigeukie."

"Nikugeukie vipi, mwanangu? Nimekulisha sumu kwa mkono wangu na watu wakanisifu."

"Ulinificha upepo."

"Ndiyo hiyo. Laiti ningekuachia upepo."

Nilimwambia ukweli kama nilivyouona, na sikuupamba. Nilisema ndiyo, nadhani ilitoka dunguni. Nilisema pia kwamba kama si yeye ningekuwa nimekufa nyumbani nikiumikwa pembe. Yote mawili ni yake, hawezi kuchukua moja akaacha jingine. Akalia, nami nikalia, nikapata kikohozi, ikabidi aache kulia aje kunishika mgongo. Tulipotulia akasema, "Ukifika nyumbani usifiche. Sema. Nina mawifi zako wengine wanaozaa na kuugua, wasije wakafanyiwa vilevile kwa mapenzi." Ndiyo maana naandika bila kumficha. Mwenyewe ameruhusu.

Masika yalipokuwa ukingoni, mchana mmoja nilikaa kitandani nikaanza kukohoa kikohozi kisicho na damu, kizito, kinachotoka mbali. Bi Zena alinishika mabega. Nilidhani ndio ule mshipa. Nilihisi kitu kikipanda, kikakwama kooni nikakosa pumzi kabisa, dunia ikawa nyeupe, kisha kikatoka kikaanguka kwenye kikombe. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyowazia, cha rangi ya udongo, kinabomoka kama mkate mkavu. Kwa siku kadhaa vipande vingine vilifuata.

Daktari alikiweka chini ya darubini, na kwa kuwa nilimsumbua, akaniruhusu nichungulie. Sikuona chochote ila kope zangu, mpaka akanionyesha namna ya kuweka jicho. Ndipo nikaona nyuzi. Nyuzi tupu, zimegawanyika na kugawanyika tena, wazi kama kioo, nyingi kuliko mizizi ya mkoko. Kitu kile kilikuwa kimeishi ndani yangu, na sikuweza kukichukia nikikitazama. Nilimwita Bi Zena. Aliyekuwa akigeuza uso ukutani akaja, akafunga ushungi vizuri, akainama. Alikaa hapo muda.

"Na hiki nacho kimeumbwa," alisema alipoinuka.

Picha ya mwisho nilipigwa nimesimama, na bamba lilisuguliwa kama kawaida. Palipokuwa na yai palikuwa na kovu kama mkwaruzo wa kucha, na kote kandokando palikuwa peusi. Daktari alinibonyeza shingo, kwapa na nyonga akitafuta matezi. Hakupata. Nilimuuliza kama kansa imekwisha. Akasema hajui, nirudi baada ya kila mavuno atazame. Nimekuwa nikirudi. Naye kila mara husema hajui, na kila mara hapati kitu, na nimejifunza kuishi humo katikati. Wewe pia, ukipewa neno hilo, usiligeuze kuwa baya kabla halijawa.

Tulirudi njia ilipofunguka. Kwenye kivuko maji yalikuwa bado mengi na watu waliteremshwa kwenye lori, wavuke wamesimama kando yake juu ya pantoni. Mimi niliachwa ndani ya lori kwa sababu ya pumzi. Ng'ambo alikuwako Athumani, amekaa juu ya gogo. Baadaye niliambiwa kwamba tangu njia ifunguke, kila akisikia mngurumo alikuja pale. Hakuwa amepata neno lolote letu tangu Hamisi arudi.

Pantoni ilipogusa ukingo, wa kwanza kushuka alikuwa Bi Zena, na bunda langu la nguo kichwani. Athumani alimwona mama yake peke yake amebeba vitu vyangu. Alikaa chini, pale kwenye tope, na shuka lake safi.

"Inuka," mama yake alisema. "Mkeo yumo ndani ya gari."

Alikuja akanishusha mwenyewe. Nilikuwa mwepesi kwake, nikaona alivyoshtuka kwa uzito huo. Nikajiandaa kwa lile neno lake, nani, kwa kuwa nilijua amekaa nalo masika yote na pengine amekwisha kulipatia mtu. Tukaanza kutembea kuelekea nyumbani, mama yake ametangulia.

"Somoe," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Kilikuwa nini?"

"Kuvu," nilisema. "Kuvu ya mpunga."

Alisimama. Alimtazama mama yake mbele yetu, akanitazama mimi, na nikaona hasira ikija usoni mwake ikikosa pa kukaa, kisha ikaondoka.

"Haya, nieleze," alisema. "Tangu mwanzo."

Nikamweleza, taratibu kwa sababu ya pumzi, naye akafupisha hatua zake.